Maneno Machache ya Jubilei

Wameniomba maneno machache, dakika tano,
kabla ya keki na kabla ya meya.
Nayaandika nyuma ya fomu ya bima,
jikoni, dirisha wazi,
jirani akichoma pilipili hoho za akiba ya baridi.

Shule yetu ilikuwa ghala la tumbaku.
Mvua ikinyesha, ukuta wa darasa la tatu
bado unanuka majani makavu,
na vizazi vinne vimenyambua vitenzi
huku vikipiga chafya.

Wa kwanza alikuwa Bi Oriane, Mfaransa,
aliyeshuka kwenye meli ya Danubi na sanduku la vitabu.
Siku ya kwanza aliuliza: Mmeelewa?
Wanafunzi thelathini na mmoja
wakatikisa vichwa, kushoto na kulia.
Akaeleza upya. Wakatikisa tena, kwa adabu zaidi.
Akaeleza mpaka chaki ikaisha, akalia.
Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu Bulgaria
atikisaye kichwa amekubali.

Kisha vita. Kisha ramani mpya ukutani.
Kifaransa kikawa lugha ya kushukiwa.
Rejista ya mwaka ule ina ukurasa uliokatwa kwa wembe;
ukingo umenyooka, aliyekata hakutetemeka.
Bi Oriane alipewa siku mbili.
Naiden, mtunza tanuri, akaamriwa achome vitabu.
Alichoma makaa.
Vitabu tulivikuta miaka arobaini baadaye
chini ya mbao za jukwaa
tulipokuwa tukiigiza michezo ya Kirusi.
Panya walikuwa wamekula kamusi, A mpaka D.
Kifaransa chetu, tangu hapo, kinaanzia E.

Mimi niliingia na Kijerumani, sitini na nane,
saa kumi na nane kwa wiki, hata ndoto zikachanganyikiwa.
Mwalimu Vasilena Dobreva aliweka mezani
kijiko, uma na kisu:
kijiko mume, uma mke,
kisu si huyu wala yule.
Msiulize sababu, alisema. Nanyi mna yenu.
Tulijifunza kuagiza kahawa katika miji
tusiyoruhusiwa kuiona,
kuuliza njia ya kituo cha treni
isiyotupakia.
Tuliijua njia yote:
kushoto, kulia, mkabala na posta.

Halafu mpaka ukafunguka.
Niseme mimi, maana meya hatasema:
tulifundisha vizuri mno.
Darasa la tisini na saba, watu ishirini na sita:
Viena, Toronto, Valensia,
mji mmoja wa Norwe nisioweza kuutamka,
mimi, mwalimu wa lugha.
Amebaki mmoja. Anauza matairi,
na Kijerumani chake hakina kosa.
Akina mama wakinikuta sokoni walinishukuru
huku wakitazama vitunguu.
Nami pia nilitazama vitunguu.
Raina wangu aliketi safu ya pili, dirishani.

Mwaka huu tuna madarasa matatu tu.
Lile jipya limebandikwa karatasi mlangoni:
LUGHA YA KIGENI: KIBULGARIA.
Wanafunzi tisa, waliozaliwa
huko tulikowafundisha mama zao kwenda,
wakarudishwa, kazi zilipokwisha, au ndoa.
Nikatolewa kwenye kustaafu ili niwafundishe.

Juzi nilieleza maneno mawili tuliyo nayo,
la nyumba ya kukaa na la nyumba ya kurudi.
Nikamuuliza Alma, Alma wa Raina: Umeelewa?
Akainua kichwa, akakishusha.
Kwetu hiyo ni hapana. Kwao Valensia ni ndiyo.
Nikasimama na chaki, kama Bi Oriane,
sijui nieleze tena au ninyamaze.

Akaniona uso.
Akawaza kidogo, kisha akakitikisa,
polepole, kushoto,
akasita katikati,
kulia.

Hayo ndiyo maneno. Keki ikatwe.